Theluthi ya Nakijwa

Mwalimu Shehoza hakuwa mtu wa kukosea ovyo, lakini siku aliyokosea alikosea kwa watoto kumi na tisa kwa mpigo.

Aligundua Jumatatu, kipindi cha pili, zikiwa zimebaki siku nne kufikia Upimaji wa Darasa la Nne. Aliandika ubaoni namba mbili, 0.9 na 0.12, akageuka na kukunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Ipi kubwa?"

"Ya pili!" darasa zima likajibu.

Akacheka. Alijua wanapenda kumtania. "Haya, tuimbe kwanza, akili ziamke."

Wakaimba utungo wake, ule aliowatungia mwaka juzi alipoletwa shule ya Kwasemvua, akiwa na miaka ishirini na minne na mizani aliyojifundisha mwenyewe kwa kuhesabia vidole:

*Ukienda kushotoni, mara kumi waongeza;*
*Ukirudi kuliani, kwa kumi unapunguza.*

Waliimba vizuri hata mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Shehoza akavimba kidogo. "Sasa. Ipi kubwa?"

"Ya pili!"

Hapo akaacha kucheka. Akamwita Nakijwa, binti wa miaka kumi mwenye pengo mbele, ambaye kila akiulizwa swali hujibu kwanza kwa macho. "Njoo hapa uwaonyeshe wenzako."

Nakijwa akashika chaki. Chini ya 0.9 akachora vistari tisa. Chini ya 0.12 akachora kumi na viwili. "Haya majani tisa, Mwalimu. Haya kumi na mawili. Ya huku mengi."

"Majani gani?"

"Ya mzigo."

"Mzigo upi?"

Watoto wakamtazama kama mtu aliyesahau jina la baba yake.

"Mzigo wa mkonge, Mwalimu," Nakijwa akasema taratibu, kwa huruma. "Unahesabu jani la kwanza, la pili, mpaka la ishirini na tisa. Ukitia moja tena unafunga kamba, unaandika 1."

"Na wimbo? Wimbo si unasema kumi?"

Nakijwa akatazama sakafu. Aliyemjibu ni Semhando, kutoka dawati la nyuma, mtoto asiyejua kunong'ona. "Tulidhani umeweka kumi ili mizani ikae, Mwalimu! Thelathini ingelipasua shairi!"

Darasa likaangua kicheko. Shehoza naye akacheka, maana afanyeje, lakini jasho lilikuwa limeshamtoka mgongoni.

*

Wakati wa mapumziko alifungua slaidi ya saba kwenye kioo cha mezani.

Slaidi za siku hizi hazikai ukutani. Mtoto huvaa ukanda kwenye paji la uso, slaidi hupita mbele ya macho yake mara tatu, basi imepandwa. Haitoki tena. Mzee wa miaka themanini ataikumbuka kama aliiona asubuhi hii. Na kwa kuwa mwalimu ni binadamu, wenye busara zao waliacha mlango mmoja wazi: mwalimu akihariri slaidi mama hapa kiooni, basi kesho yake, watoto wakivaa kanda mstarini kwa dakika moja ya kusawazishwa, slaidi iliyomo vichwani mwao nayo hubadilika. Hawatajua kwamba jana walijua vingine.

Slaidi ya saba, ile ya desimali, ilikuja kutoka Kituo Kikuu cha slaidi ikiwa na mkate uliokatwa vipande kumi. Shehoza hakuupenda. Somo la Kwasemvua, alisema, linuke Kwasemvua. Hapa watu wanakata mkonge. Singa zake, zile nyuzi za ndani ya jani, ndizo mbavu za magari ya anga yanayopita juu ya shule kila saa, na bado hakuna mashine iliyoweza kukata jani bila kulichubua. Basi akafuta mkate, akaandika kwenye kisanduku cha kuhariri: *mzigo wa mkonge, umefunguliwa kamba*. Slaidi ikajichorea yenyewe, na ikachora sawasawa kama mambo yalivyo. Tangu enzi za mababu, shamba lolote uendalo, mzigo wa mkonge ni majani thelathini. Ikayachora yote thelathini, yamepangwa safu, yanameremeta.

Shehoza aliipenda ile picha wiki nzima. Hakuhesabu. Nani Kwasemvua anahesabu mzigo?

*

"Hariri," akasema Bi Namsifu, mwalimu mkuu, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Dakika mbili. Kesho mstarini wanasawazishwa, Ijumaa wanafanya Upimaji, wanafaulu. Sasa unanijia na uso wa msiba kwa nini?"

"Kwa sababu ni vichwa vyao, Mama."

"Na kosa ni la nani?"

"Langu."

"Basi litoe. Mtu akikuachia mwiba mguuni utamwambia akae nao ili akuheshimu?" Akaweka kikombe chini. "Nikwambie kitu, Shehoza. Mimi nilisoma kwa chaki. Mwalimu wangu alitufundisha saba mara nane ni hamsini na nne. Akafariki, Mungu amrehemu, akaniachia hamsini na nne yake. Nilitembea nayo mpaka nina miaka ishirini na sita. Niliitamka kwenye usaili wa ualimu mbele ya watu watano, wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Laiti angekuwepo mtu wa kunifutia usiku wa jana yake nisijue! Ningembusu mikono."

Lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli halipingwi kwa hasira.

"Na leseni yako," akaendelea, sauti imeshuka. "Ukijiripoti, wanakunyang'anya ruhusa ya kuhariri. Tunarudi kwenye mikate ya Kituo. Wewe uliyenipigia kelele miaka miwili kuhusu mikate."

"Nitahariri, Mama," Shehoza akasema.

Na alikusudia kweli. Mwenye kiburi akipewa njia ya kutoka isiyo na aibu, haulizi inapita wapi.

*

Alirudi darasani peke yake. Akafuta majani ishirini, yakabaki kumi. Akabonyeza *Hifadhi*. Kioo kikamuuliza swali kinalouliza kila mara: *Wenye kumbukumbu wamearifiwa?* Kidole chake kikaanza kuelekea *Ndiyo* chenyewe, kwa mazoea. Walimu wote hubonyeza *Ndiyo*. Ni kama kumjibu mtu "salama" huku nyumba inawaka.

Lakini chini ya swali palikuwa na mstari mdogo ambao hajawahi kuufungua: *Matawi 41 yatanyauka. Tazama?*

Tawi ni wazo ambalo mtoto amelikuza mwenyewe juu ya slaidi. Slaidi ikibadilika, tawi lililosimama juu yake hukosa pa kushika. Hayo aliyasoma chuoni, akajibia mtihani, akayasahau. Leo, sijui ni nini kilimshika mkono, akafungua.

*Semhando: robo ya mzigo haipo. Lazima upasue majani, na mnyapara atakufokea.*

Shehoza akatabasamu. Akashuka.

*Nakijwa: mzigo ukigawiwa watu watatu, kila mtu 0.10. Haibaki hata unyuzi.*

*Nakijwa: kumi haigawanyiki kwa tatu. Thelathini inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa sita.*

*Nakijwa: kwa hiyo kumi imechaguliwa tu. Nani aliichagua? Aliulizwa nani?*

Alisoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Chuoni aliwahi kumsikia profesa mmoja akizungumzia jambo hilo kwa saa mbili, akiwa amevaa tai. Kumi si amri ya Mungu. Ni vidole tu. Mtoto wa mkata mkonge alikuwa amefika huko peke yake, kwa miguu, juu ya kosa la mwalimu wake.

Kesho mstarini, dakika moja, kwisha.

Akafungua orodha ya marekebisho yake yote ya mwaka. Sitini na matatu. Yote *Ndiyo*. Mbele ya kila moja kulikuwa na namba ambayo hajawahi kuitazama. Machi: *Slaidi ya pili, vijiti vimebadilishwa rangi. Matawi yaliyonyauka: 27. Nakijwa: 5.*

Machi. Akakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka Nakijwa alikuwa akija mezani kwake kila asubuhi na uzi wa singa wenye mafundo, mafundo makubwa na madogo, akimwonyesha hesabu fulani ambayo yeye, kwa haraka zake, aliitikia "vizuri, vizuri" bila kusikiliza. Siku moja hakuja nao. Alipomuuliza uzi wako uko wapi, mtoto alimtazama kwa uso wa asiyejua kitu kabisa: "Uzi gani, Mwalimu?" Akadhani amekua, ameacha michezo.

Alitafuta matawi yale matano. Mashine haitunzi kilichonyauka.

Shehoza aliondoa kidole kwenye kioo kama aliyegusa jiko. Alikaa. Kisha hasira ikampanda, hasira njema, inayomnyoosha mtu mgongo. Alijidai miaka miwili kuwa somo linuke Kwasemvua, na kumbe kila Kwasemvua ilipoanza kunukia kichwani mwa mtoto, yeye mwenyewe alipita na sabuni.

Akafungua fomu ya kujiripoti. *Kosa: slaidi ya saba. Aliyekosea: Shehoza, mwalimu wa darasa la nne.* Jibu la Kituo lilikuja kabla hajafunga dirisha. Leseni yake ya kuhariri ingefungwa Ijumaa, saa sita mchana.

*

Jumanne asubuhi watoto walipanga mstari, kanda mikononi. Bi Namsifu alisimama kando ya mlingoti.

"Darasa la nne, msivae," Shehoza akasema.

"Mwalimu Shehoza," akaita mwalimu mkuu, kwa ile sauti ya kumkumbusha mtu mahali alipo.

"Samahani, Mama. Nipe dakika moja hiyo hiyo ya kanda." Akawageukia watoto. "Slaidi ya saba niliharibu mimi. Niliwapa moja yenye majani thelathini. Vitabu, dukani, zahanati, Upimaji, wote wanatumia moja yenye kumi. Nyinyi hamkukosea. Nilikosea mimi."

Minong'ono ikapita mstarini, kisha Semhando: "Mwalimu, utachapwa?"

"Nimeshachapwa. Kuanzia Ijumaa sihariri tena."

"Pole, Mwalimu," wakasema wawili watatu, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

"Naweza kuwabadilishia sasa hivi, mkivaa kanda. Hamtasikia kitu. Lakini mliyoyajenga wenyewe juu ya ile slaidi yatakwenda nayo. Au tuna siku tatu, chaki, na mikono yetu. Ni shida. Mtakuwa na mbili kichwani, mtazichanganya, mtanichukia."

Nakijwa alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo Mwalimu, yale yangu ya kugawa kwa tatu ni ya uongo?"

"Ya kweli tupu. Kwa thelathini ni ya kweli. Kwa kumi hayakubali."

Akafikiri. "Basi kumi ndiyo mbovu," akasema, na mstari mzima ukacheka, hata Bi Namsifu akageuza uso.

Hakuna aliyevaa ukanda. Shehoza hakujipa sifa. Nusu yao walitaka tu kuona mwalimu anafundishaje bila slaidi, kama watu wanavyokwenda kutazama mpira wa wazee.

*

Mama Nakijwa, mwanamke mrefu aliyekata mkonge miaka kumi na minne, aliwaletea mizigo minne kutoka shambani, ncha za miiba zimekatwa. "Mwalimu, utomvu wake unawasha," akaonya. "Wasijishike machoni."

Waliwashwa. Jumanne nzima darasa la nne lilijikuna likisoma. Walifungua mzigo, wakaufunga upya vifungu vya kumi kumi. Kifungu kimoja, Shehoza akasema, leo ndicho 1. Jani moja, 0.1. Na jani likipasuliwa kwa urefu nyuzi kumi, unyuzi mmoja 0.01. Semhando alipasua nyuzi saba, akadai nyingine tatu zimeliwa na panya. Jumatano walizichanganya mbili kama alivyoahidi. Mtoto mmoja alilia. Shehoza alifoka, akaomba radhi, akafoka tena. Alhamisi aliweka jani zima mkono wa kulia na nyuzi tano mkono wa kushoto, akauliza ipi kubwa, 0.1 au 0.05, na mkono wake wa kulia ukaelekezewa vidole kumi na tisa. Alifundisha mpaka sauti ikakwama. Hakuwahi kufundisha hivyo maishani mwake, na alijua.

*

Ijumaa, saa nne na nusu, kioo cha ukutani kilitoa majibu. Kumi na wanne wamefaulu. Watano hapana.

Upimaji una maswali kumi na mawili, na la tisa ndilo nguzo: ukilikosa, mengine hayakuokoi, unarudia darasa. La mwaka huu lilisema: *Watu watatu wamegawana sawasawa lita 1 ya maziwa. Kila mmoja amepata lita ngapi? Andika nafasi mbili za desimali.* Wanne walilikosa kama watoto wanavyokosa. Mmoja aliandika 0.3, mwingine 3.3, wawili walichoka. Wa tano alikuwa Nakijwa. Alipata yote kumi na moja. La tisa aliandika 0.10, na pembeni, kwa herufi za kujipinda: *ya thelathini*.

Bi Namsifu akaliona. "Mtoto mwenye akili kuliko wote shuleni!" akasema huku ameuma meno. "Furahi sasa, Shehoza."

Kanuni iliruhusu njia moja. Aliyeshindwa aweza kusawazishwa peke yake na kurudia swali siku hiyohiyo. Leseni ya Shehoza ilikuwa imebakiza saa moja na nusu. Akawaita wazazi, wakaja na glovu zao za shambani, akawaeleza watoto watano mbele yao, bila kupamba: ukivaa utafaulu; ulichojenga kitaanguka.

Wanne hawakufikiri sana. "Nivalishe, Mwalimu," akasema mmoja. "Kaka yangu atarudia la tano. Nataka kukaa naye." Shehoza akawavalisha mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi, bila aibu yoyote. Walijua wanachotoa. Wakarudia swali, wakafaulu, wakatoka mbio kwenda kuwatambia wenzao.

Akabaki Nakijwa, ukanda magotini.

"Ulijua ya kumi ni ngapi?" Shehoza akamuuliza.

"Sifuri, nukta, tatu, tatu."

"Mbona hukuiandika?"

"Niliizidisha mara tatu nione kama ni kweli. Inakuja 0.99. Mwalimu, maziwa mengine yamemwagika wapi?"

Mama Nakijwa alikuwa akimtazama bintiye kana kwamba amemkuta anaongea lugha ya ugenini, na kwa ufasaha.

"Hayajamwagika," Shehoza akasema. "Kumi haiwezi kuyashika yote. Vitabu vinajua, vinavumilia."

"Mimi sikuweza kuvumilia."

"Nikikuvalisha, utavumilia. Hutakumbuka kwamba uliuliza. Utakwenda la tano na wenzako. Usipovaa, mwaka mzima utakaa na watoto wadogo, na watakuita mrudiaji. Sikufichi. Na mimi sitakuwa na slaidi ya kukupa, ni mdomo huu na chaki."

"Mwanangu," Mama Nakijwa akasema, "mwaka ni mrefu."

"Najua, Mama."

"Mimi nimefunga mizigo ya thelathini tangu sijakuzaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini thelathini." Akasugua glovu kwenye paja. "Siwezi kukuamulia. Sijui hata ninachokuamulia."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Shehoza hakusukuma. Ilimgharimu. Mkono wake mmoja ulitaka kumvalisha mtoto yule ukanda na kumwokoa, na mwingine ulitaka kuutupa ukanda dirishani, na yote miwili ilikuwa mikono ya mtu anayejiona anajua. Akaiweka mezani, ikatulia.

Nakijwa aliukunja ukanda mara mbili, vizuri, kama watoto wanavyofundishwa kukunja sare, akamrudishia Bi Namsifu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Mimi sivai."

"Marahaba," Bi Namsifu akajibu. Akaushika ukanda ule kitambo. "Saba mara nane ni ngapi, mwanangu?"

"Hamsini na sita."

"Ndiyo," akasema mwalimu mkuu, akatoka nje upesi.

Saa sita kioo cha mezani kikazima upande wa kuhariri, kikabaki kijivu. Shehoza hakugeuka kukitazama, kwa kuwa Nakijwa alikuwa ameshafungua daftari na kulamba ncha ya penseli.

"Mwalimu, nimejaribu sitini. Hiyo inashika na ya Semhando pia, ile ya robo. Lakini kwa saba inakataa. Nimejaribu kila kitu, saba inakataa tu."

Shehoza akavuta dawati dogo, akaketi upande wa mwanafunzi, magoti yamemfika kidevuni.

"Anza mwanzo," akasema. "Polepole. Safari hii nasikiliza."